Yah: Kibao Kinachonitenga na Mume Wangu

Ndugu Mkurugenzi wa Bustani za Manispaa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, barakoa usoni na madirisha ya ofisi wazi. Mimi ni mke wa fundi saa, yule ambaye duka lake lilifungwa gonjwa lilipoingia. Daktari ametuagiza tutembee bustanini kila jioni, kwa sababu mume wangu, kwa kukosa saa za watu, ameanza kuifungua redio yetu, skrubu moja baada ya nyingine.

Zamani bustani yako ilikuwa ya mbwa na wanafunzi watoro. Siku hizi imefurika. Kumbi zimefungwa, basi wanakwaya wanafanya mazoezi kwenye nyasi, na watu wazima na akili zao wanakimbia bila kufukuzwa. Hilo sina neno nalo. Neno nililo nalo ni lile la kwenye kibao chako cha langoni: KAA MBALI NA MWENZAKO.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mume wangu amekisoma. Huyu ni mtu ambaye nikimwambia avue viatu mlangoni, hunitazama kama naimba. Ila serikali ikiandika kwa rangi nyekundu, anatii. Aliniuliza, "Mwenzangu ni nani kama si wewe?" Nikakiri ni mimi, maana siku ya ndoa ndivyo tulivyoambiwa. Akahamia benchi la ng'ambo ya bwawa.

2. Kwa kuwa yuko mbali, tunazungumza kwa kupayuka. Bustani nzima sasa inajua dawa yangu ya kuchua inapakwa wapi. Juzi wakimbiaji walisimama kutuamulia kama tumuuzie shemeji yangu kabati, na wengi wao wakasema tusithubutu. Shemeji mwenyewe alikuwepo, anakimbia.

3. Hili ndilo lililonikaa kooni. Msusi wa mtaani kwetu, ambaye saluni yake nayo imefungwa, hukaa benchi moja na mume wangu. Nilipomwendea mlinzi wako, alikisoma kibao mara mbili, akasema msusi hana kosa kwa kuwa yeye si mwenzake. Kwa sheria hiyo, Mkurugenzi, mwanamke yeyote anaruhusiwa kukaa karibu na mume wangu isipokuwa mimi.

Kwa hiyo naomba kibao king'olewe. Ikishindikana, ofisi yako inipatie kibali cha kutokuwa mke wake, kuanzia alasiri hadi machweo, ndani ya uzio tu. Tukitoka langoni ndoa iendelee palepale ilipoachwa. Talaka ya moja kwa moja siitaki. Nani atakayeiunganisha tena ile redio?

Nisalimie wote hapo ofisini, mtunza maua, na mlinzi pia, japo simpendi.

Wako katika utii,
Mwenzake

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimelazimika kuichana. Jioni hii mume wangu alipaza sauti kutoka ng'ambo ya bwawa, akaniuliza kama naogopa kufa. Nikapayuka kwamba naogopa. Akapayuka kwamba na yeye anaogopa, na kinachomtisha zaidi ni mimi kutangulia. Wanakwaya wakageuka kututazama. Miaka yote hii tunalala kitanda kimoja, bega kwa bega, na hajawahi kunitamkia hilo. Kibao kiacheni kilipo, tafadhali. Msusi ndiye mumhamishe.