Tawi la Mama Mkwe na Msumeno wa Kukunja

Jumatatu, 4 Machi

Nashukuru kwa upepo wa jana. Ndiyo, umevunja tawi nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Ndiyo, tawi limelalia bati juu ya kitanda chake, na upande wa pili bado limeng'ang'ania shina. Lakini bila upepo ningejulikana vipi? Mke wangu alitaka tumwite kaka yake. Shemeji ni seremala. Katika familia hii kila kitu huitiwa yeye, hata mtoto akikataa kula! Nikamwomba mama mkwe aniachie mimi, asimwite mtu. Akasema hana wasiwasi, atalala kwenye kochi la sebuleni mpaka nimalize. Nilikaribia kulia.

Jumanne, 5 Machi

Nimenunua msumeno wa kukunja, ule wa watu wa kambini. Ukiukunja unaingia kwenye begi la ofisini! Muuza duka alitaka kunionyesha unavyoungwa. Nikamshukuru, nikamwambia wengine tumezaliwa na akili ya mikono. Akaitazama mikono yangu kwa muda. Karatasi ya maelekezo nikamwachia.

Nyumbani nikamwaga vipande mezani. Vyuma vitatu vya fremu, bledi, nati yenye masikio. Hadi jioni nilikuwa nimepata kitu cha pembe tatu kinacholegea. Mke wangu akauliza kama ni cha kuanikia soksi. Kisha akaniletea chai. Nashukuru kwa chai.

Jumatano, 6 Machi

Umeungika! Umekaza! Nikaujaribu kwenye mguu wa stuli. Haukati. Unateleza tu. Bledi butu, hakuna lingine. Mke wangu alichungulia, akasema meno yametazama ndani ya fremu badala ya nje. Nikamweleza kwa upole kwamba meno ya nje ni hatari kwa mtumiaji. Akasema haya. Nashukuru kwa mke asiyependa ubishi.

Shemeji alipiga simu kuuliza kama nataka msaada. Kimbelembele! Nikamwambia kazi iko ukingoni.

Alhamisi, 7 Machi

Mawingu mazito. Mama mkwe anatembea ameinama, kochi limemharibu mgongo. Nilipomwuliza alisema kochi ni zuri sana, na kwamba shemeji alitaka kuja akamkatalia, kwa sababu kazi ni yangu. Sijawahi kuaminiwa hivi na mtu mwenye akili timamu.

Mke wangu leo hakucheka. Alisema mvua ikishuka tawi litaingia chumbani kwa mama yake, na likiwa bado pale Jumamosi asubuhi, atampigia kaka yake mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya kukumbukwa!

Nilipanda ngazi na msumeno umekunjwa, nikauungia hukohuko juu. Hapo nikakuta tawi liko katikati ya fremu. Bledi chini ya tawi, chuma juu yake. Nikataka kufungua. Nati ikagoma. Nikaivuta kwa meno, ikagoma. Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati. Chini, mke wangu alikuwa ameshapiga simu, na pikipiki ya shemeji ikasikika kwenye kona.

Nikashika fremu nikavuta kuelekea juu kwa hasira, huku na huku, angalau ling'oke. Halikung'oka. Unga wa mbao ukaanza kumwagika! Meno yaliyotazama ndani yalikuwa yanakula tawi kutoka chini! Nikavuta mpaka jasho likaniingia machoni. Likakatika, likateleza juu ya bati, likaanguka uani bila kumgusa mtu.

Shemeji akasimama mdomo wazi. Akasema tawi lililoegemea pande mbili hukatwa hivyohivyo, kutoka chini, maana ukilikata kutoka juu hubana msumeno. Akauliza nimejifunza wapi. Nikasema kwa kuzaliwa.

Mama mkwe alinishika mikono yote miwili, akasema mwanangu, asante. Leo analala kitandani kwake, mvua inanyesha, na hakuna mtu duniani mwenye bahati kuliko mimi.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji alipita asubuhi, akalegeza nati kwa mafuta, akageuza bledi meno yatazame nje, inavyotakiwa. Nikamshukuru kwa moyo wote. Alipoondoka nikairudisha ilivyokuwa.

Mchana mama mkwe akataja kwamba kitanda chake kinayumba, mguu mmoja ni mfupi. Nikamwambia asimwite mtu. Nimeshaufunga msumeno kuuzunguka mguu huo mfupi, na nati imegoma tena, dalili nzuri. Mama ameshajilaza juu. Nilimwuliza kama angependa kushuka kwanza, akasema nisijali, nikate tu.