Nani Atampeleka Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Jumamosi mama mkwe anaondolewa mtoto wa jicho, hospitali ya ng'ambo ya mlima. Mke wangu amesema atapelekwa na mwanyumba wangu, mume wa mdogo wake. Ukoo mzima unamwita Injinia. Anauza magodoro! Gari lake jipya, lina kiyoyozi. Langu ni rika la binti yetu wa kwanza, naye ameshaolewa. Lakini mkwe mkubwa ni nani? Mimi. Siwezi kupitwa na magodoro.

Nimeshinda kibandani na simu, saa za wateja zikinisubiri mezani, nikitazama video za magonjwa ya magari. Mepesi mno. Gari likilia ukiwasha, mkanda. Likigonga kwenye mashimo, bushi, zile raba za miguuni. Likitoa ka-ka-ka kwenye kona, jointi ya gurudumu. Moshi wa buluu, linakula oili. Moshi mweupe, muombe Mungu. Mimi fundi saa. Sikio lililozoea mapigo ya saa ya mkononi litashindwa na injini?

Jumanne, tarehe 4 Juni
Mama wa duka la dawa aliwasha gari mbele ya kibanda. Likalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikamwambia mkanda, bila hata kuinua uso. Alasiri akarudi kutoka gereji: mkanda kweli, umebaki uzi. Akanishukuru hadharani. Kinyozi wa jirani alinyamaza, jambo ambalo hatujawahi kulishuhudia.

Baadaye gari la mwalimu mkuu likapita, ka-ka-ka. Nikamsimamisha, nikamwambia jointi. Ilikuwa kokoto kwenye tairi. Sawa. Kokoto nayo ni tatizo.

Alhamisi, tarehe 6 Juni
Injinia alikuja kwetu kumjulia hali mama mkwe. Gari lake likapita kwenye shimo la getini: gong! Nikangoja aketi, apate chai. Kisha, kwa upole, nikaeleza kwamba bushi zikikatika mteremkoni, usukani haukutii tena. Injinia alicheka. Mama hakucheka. Alisema jicho linaweza kungoja, shingo hapana. Injinia akakubali kulipeleka gari kwa fundi, ili mama apate amani tu.

Moyoni nilipiga vigelegele. Mdomoni nikasema kwamba kwa dharura yoyote, mimi nipo.

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Ushindi! Gari la Injinia liko juu ya mawe, mbele yote imefunguliwa. Fundi hajaona kitu, ndiyo maana anaendelea kufungua. Mama anakwenda na mimi.

Mke wangu amenionyesha dimbwi chini ya gari letu. Nikamwambia gari linatoka jasho. Akasema jasho gani la kijani. Ili kumridhisha nimetumia dawa niliyoiona kwenye video: yai ndani ya rejeta, kwenye maji ya kupoza injini. Linaiva humo, linaziba tundu. Video ilisema moja. Nimetia nusu trei. Mambo ya mkwe hayafanywi kwa uchoyo.

Jumamosi, tarehe 8 Juni
Tuliondoka alfajiri. Mke wangu mbele, mama nyuma, miguu juu ya mto. Tambarare yote gari liliteleza kama siagi. Tulipoanza kupanda, mshale wa joto nao ukapanda. Mama akauliza ni nani anakaanga mayai porini. Mke wangu akatazama dirishani. Gari likazima.

Nikafungua boneti, mvuke ukanivaa. Hapo niliogopa kweli. Daktari wa macho huja hospitali ile kwa msimu. Ukimkosa, unaendelea kupapasa kuta mpaka arudi. Mama alinigeuzia uso na hakuweza kuuona wangu. Nilishukuru kwa hilo, na kushukuru huko kukaniuma.

Mara akatokea Injinia nyuma yetu. Fundi alikuwa amegundua usiku, akalifunga gari lote upya: jeki ililegea ndani ya buti. Bushi nzima kabisa. Alinieleza bila kupandisha sauti, afadhali angepandisha. Akafungua mlango wa gari lake, ubaridi ukatufikia hadi tuliposimama, akamwomba mama ahamie.

Mama hakusogea.

"Nimetoka nyumbani na mkwe huyu, nitafika na mkwe huyu," alisema. "Fungeni kamba."

Injinia akasema tutachelewa.

"Basi fungeni haraka."

Hivyo tukaupanda mlima, Injinia akivuta, mimi nikishika usukani kwa heshima zote. Njiani mama aliniinamia sikioni. "Ningehama, wangekucheka mpaka mazishini kwangu," akanong'ona. "Tazama mbele, mwanangu."

Tukaingia langoni mama akiwa ndani ya gari langu. Mlinzi akafungua mageti yote mawili! Daktari alikuwa ndiyo kwanza anavaa koti.

Jumapili, tarehe 9 Juni
Bandeji imetolewa. Mama anaona! Alitutazama mmoja mmoja, akimpapasa kila mtu shavu kwa mazoea. Akasema Injinia amenenepa na mimi nimezeeka. Nikalia. Injinia akalia. Tukatoka nje tukakumbatiana, akanipa lifti, maana gari langu lilibaki gereji ya huko. Fundi amesema hajawahi kufungua injini akakuta kiamsha kinywa.

Kabla hatujaondoka nikasikia ambulensi ikigonga upande wa kushoto. Nikamwarifu dereva. Akaniomba nisimame mbali. Wivu.

Jumanne, tarehe 11 Juni
Nimefikiri sana kuhusu safari ile na nimeona kosa lilipokuwa: mayai yalikuwa ya kisasa. Ya kienyeji yangeshika. Nimemshauri mama wa duka la dawa ipasavyo. Amesema atafikiria.

Leo nimetundika kibao kibandani: MTAALAMU WA SAUTI ZA MAGARI. Kinyozi ameuliza mtaalamu mwenyewe siku hizi anaendesha gari gani. Nimemjibu kwamba kwa sasa natembea kwa miguu, ili niyasikie magari ya wengine vizuri zaidi.