Mpunga Katika Shimo la Mtaa

Jumatatu, 12 Januari 2026
Nimeshtuka! Mvua kubwa mchana. Maji yote ya barabara ya Shanwe yaliingia kwenye shimo pana la nyasi mbele ya nyumba yetu. Jioni hayapo! Nikachokonoa na fimbo. Matope tu.

Mwenyekiti wa mtaa, mzee Bartolomeo, akasema ndiyo kazi ya shimo hilo. Chini kuna kokoto na mchanga, mizizi inafungua ardhi, maji yanazama badala ya kuingia majumbani. Sawa. Lakini maji ya bure, Katavi hii hii, na hakuna aliyepanda mpunga? Nyasi zenyewe hata mbuzi hawazitaki! Mke wangu Lusia amenionya kwamba ujanja mwingi mbele giza.

Jumatano, 14 Januari
Nimejitolea kupalilia shimo. Nimeng'oa nyasi zote. Mwenyekiti alikuwa safarini Ikola, akanishukuru kwa simu. Kwa dhati kabisa! Ilibidi nijifanye nakohoa.

Ijumaa, 16 Januari
Nimemwaga udongo wa kichuguu shimoni, toroli baada ya toroli. Nimeukanyaga chini mpaka ukashikana. Manyunyu yakaja. Maji yamesimama! Yamesimama, jamani! Nimechomeka miche ya mpunga.

Mwenyekiti amerudi. Aliuliza mbona maji hayaondoki. Nikamjibu ardhi imeshiba. Akatazama mawingu, kisha akanitazama mimi. Sikupenda.

Jumapili, 18 Januari
Mungu wangu! Mungu wangu! Mvua ilitukuta kanisani. Tumerudi, ukuta wa mbele haupo! Tofali mbichi zimerudi kuwa udongo. Shimo lilijaa, likamwaga yote kwetu. Nyumba ambayo Lusia aliijenga kwa kushona sare za watu! Alikuwa amesimama mlangoni, yaani palipokuwa na mlango, ameshika cherehani kifuani. Hakulia. Afadhali angelia.

Mwenyekiti alikunja suruali, akaingia, akatoa godoro letu bila kuuliza kitu. Kisha mche wa mpunga ukaelea mbele yake pale sebuleni. Akauokota. Ukafuata mwingine. Majirani wote wakageuka kunitazama mimi.

Jumanne, 20 Januari
Kikao cha mtaa. Nimeamriwa niondoe udongo wote na kupanda nyasi upya, kwa mikono yangu. Lusia amehamia kwa dada yake Skolastika, huko Kashaulili. Kasema atarudi akisikia kuna ukuta. Nimelia, sifichi. Bila Lusia mimi si mtu.

Nikaingia ndani nichukue jembe. Nikashtuka tena! Maji ya sebuleni yako pale pale. Tangu Jumapili! Hayajapungua hata kidogo. Ile sakafu ya saruji ya Lusia ni imara kweli kweli.

Nimempigia Sylvanus, yule mfugaji wa kambale. Vifaranga anavyo. Kisha nikampigia Lusia, nikamwambia asiharakishe kurudi, ukuta utasubiri kidogo. Amekata simu. Nadhani furaha imemzidi.