Wakala Uliofuta Amri

Wakala wa Usalama wa Lifti unayo furaha kubwa kuutangazia umma kwamba umekomesha utoaji wa amri katika ofisi zake zote. Hakuna tena "lete", hakuna "peleka", hakuna "njoo hapa". Kuanzia mkuu hadi mlinzi, sasa tunaongozana kwa maswali. Mimi, nikiwa Naibu Mkurugenzi Mkuu, ndiye niliyeandika tangazo hili, na sikuagizwa na mtu.

Chanzo cha mafanikio haya ni kukua. Tulianza na chumba kimoja na birika la chai. Leo tuna ghorofa tano na mabirika yanayogombaniwa. Mkurugenzi Mkuu, tunayemwita Mzee, aliona kwamba taasisi inayopanuka haiwezi kuongozwa kwa kelele. Akamleta mshauri mwelekezi, kijana mwenye suti ya kubana ambaye hawezi kusema neno bila kulichorea duara ubaoni. Wafanyakazi wakampachika jina la Bwana Duara. Semina nzima alifundisha jambo moja: kiongozi wa zamani huamrisha, kiongozi wa kisasa huuliza, na mfanyakazi hulipata jibu ndani ya nafsi yake.

Mzee alilipenda wazo hilo kupita kiasi. Akatoa amri ya mwisho: atakayetii amri yoyote, ya mtu yeyote, kazi hana kuanzia siku hiyo. Wengine walidhani ni utani. Mchana ule ule Mzee akajisahau, akamwambia mhudumu, "Hebu lete chai." Maskini mama wa watu akaileta, tena na sukari. Alifukuzwa kabla chai haijapoa. Tulimhurumia sana, kisha tukainywa.

Tangu hapo watu wakashika adabu.

Siku ya uzinduzi rasmi, Waziri alitarajiwa kufika na mkataba mpya wa Mzee. Ule wa zamani ulikuwa unaisha jioni hiyo, na Mzee aliutaka mpya kwa udi na uvumba. Bila sahihi ya Waziri, kesho yake angekuwa mstaafu, anashinda sebuleni na wakwe zake. Nami sitaficha: kiti chake nilikuwa nakikodolea macho tangu enzi za chumba kimoja.

Waziri akiwa njiani, Mzee na Bwana Duara wakaingia kwenye lifti washuke kumpokea. Lifti ikashuka kidogo, ikakohoa, ikasimama kati ya ghorofa ya nne na ya tatu. Naomba nisieleweke vibaya: lifti hiyo tuliikagua sisi wenyewe.

Tukakusanyika mlangoni, ghorofa ya nne. Fundi wa lifti alikuwepo, ufunguo wa dharura unaning'inia kiunoni.

"Fundi! Fungua mlango!" Mzee alipaza sauti kutoka ndani.

Fundi akarudi nyuma. "Shikamoo, Mzee. Hiyo si amri hiyo?"

"Ndiyo, ni amri! Fungua!"

"Mzee wangu, mimi nina watoto wanasoma. Yule mama wa chai tulimwona."

Tukamsikia Bwana Duara akinong'ona, "Muulize swali, Mkurugenzi. Jibu analo mwenyewe."

"Haya," Mzee akasema, ameuma meno. "Fundi, mwanangu, huu mlango unauonaje?"

Fundi akautazama kwa makini. "Naona umefungwa, Mzee."

"Na unadhani ungefaa uweje?"

"Hapo sasa siwezi kujua. Mimi si msemaji wa mlango."

Mhasibu akamuuliza Mzee anajifunza nini humo ndani. Dada wa masjala akamuuliza kama kukwama ni tatizo kweli au ni mtazamo tu. Sijawahi kuona wafanyakazi wakishiriki kwa moyo namna ile. Mimi nikauliza, kwa heshima zote, kama kuna mtu anayemwona anafaa kumrithi. Mzee alinijibu kwa maneno ambayo hayakuwa swali.

Waziri akatokea, amepanda ngazi, jasho linamtiririka, dereva wake nyuma amebeba mkoba. Nikamweleza yote. Mzee akaupiga mlango mateke. "Mheshimiwa! Nitoe!"

Waziri akacheka mpaka akashika ukuta. "Yaani hapa bosi anafoka na hakuna anayetikisika? Hii ndiyo taasisi ya kisasa!" Papo hapo akatangaza kwamba mwongozo wetu unaanza kutumika wizara nzima, saa hiyo hiyo, na kwamba hata yeye mwenyewe unamhusu. Kisha akamshika fundi bega mbele ya mpiga picha. "Wewe bwana, moyoni mwako, ungependa kufanya nini sasa hivi?"

Fundi hakuwahi kuulizwa hivyo tangu aajiriwe. Machozi yakamlengalenga. "Mheshimiwa, ningependa kwenda nyumbani kulala."

"Hongera!" Waziri akapiga makofi. Sote tukapiga makofi. Fundi akashuka ngazi na ufunguo wake.

Makofi yalipokwisha ndipo Waziri alipoutazama mkataba mkononi, kisha mlango wa lifti. "Mrudisheni," akasema kwa sauti ndogo. Hakuna aliyesogea. Mhasibu akamuuliza: fundi akirudi, yeye atajisikiaje?

Mheshimiwa akaona heri aondoke. Akautia mkataba kotini. "Dereva, twende."

"Mheshimiwa, nikitii sina kazi."

"Mungu wangu. Haya, wewe ungependa kwenda wapi?"

Dereva hakufikiri hata kidogo. "Kwa mama mkwe. Leo anahama."

Yaliyofuata nimeyapata kwa dereva mwenyewe. Mama mkwe alikuwa anahamia ghorofa ya sita, katika jengo ambalo lifti yake imekufa na ambalo, kwa sababu za kiufundi, wakala wetu haujawahi kulikagua. Waziri akasimama kando ya godoro, tai imenyooka, akisubiri kukaribishwa. Mama mkwe akatoka na ndoo mbili, asimtambue.

"Wewe baba, umesimama hapo kama nani? Shika upande wa miguu, tupande!"

Waziri akashika, akapanda hadi juu. Halafu akatumwa kabati.

Kwa hiyo umma unatangaziwa pia kwamba nafasi ya Waziri iko wazi. Alitii amri mbele ya shahidi, na mwongozo alioupitisha mwenyewe haubagui mtu.

Kuhusu Mzee, watu wasiwe na wasiwasi. Mkataba wake uliisha jioni ile ile akiwa bado humo ndani, Bwana Duara akimchorea duara mlangoni kwa kidole. Kisheria yeye sasa ni mwananchi wa kawaida aliyekwama kwenye lifti. Wananchi wa namna hiyo wanaombwa kufika wenyewe ofisini kwetu, ghorofa ya tano, saa za kazi.