Heko Niliyojipa Mwenyewe

Jumatatu, 5 Julai 1937
Kihanga isingekuwa na mimi, Bwana DC angeifuta kwenye ramani. Leo nimekutana na neno! Karani Egbert, mtu wa Bukoba aliyesoma mpaka pwani, ametazama msonge alioezeka binamu yangu Rwegasira, akavua kofia, akasema: heko. Basi. Neno fupi kama chafya, lakini Rwegasira alirefuka mbele ya macho yangu! Nikauliza maana. Karani akasema ni sifa, hupewa mtu aliyetenda jambo kubwa. Mwili ukasisimka. Mimi, na mambo yangu yote, sijapewa hata moja!

Jumatano, 7 Julai
Heko imeenea kijiji kizima. Nimepita mara tatu mbele ya mpwa wangu Felicitas na mkungu wa ndizi begani. Nikamwambia wazi, sema heko. Akauliza, mjomba, huo mkungu si umeukata kwetu? Watoto wa siku hizi!

Ijumaa, 9 Julai
Kesho Felicitas anaolewa. Wakwe wanatoka Kamuli. Mjomba ndiye husimama na mkuki kwebuga, yaani kujigamba kwa ajili ya ukoo. Dada yangu Kokubanza, mama wa bibi harusi, ameapa: nikimwaibisha, mkuki anapewa Rwegasira, na sitaushika tena katika harusi ya binti yake yeyote. Maneno gani hayo! Mpango ninao. Kila sifa nitaifunga kwa heko mwenyewe. Ya nini kungoja vinywa vya watu?

Jumamosi, 10 Julai
Nilisimama. Mimi niliyemkaba chui kwa mkono mmoja, heko mimi! Mimi niliyevuka Mto Kagera juu ya kiboko, heko mimi! Desturi ni kutua kidogo, watu waitikie. Sikutua. Wageni wakakodoa macho. Baba mkwe, mzee Ndyamukama, akasema huyu bwana kajipikia, kajipakulia, kala. Sisi tunawe mikono twende zetu? Kicheko! Kokubanza akaninyang'anya mkuki mbele ya watu.

Akasimama Rwegasira. Hakujitaja hata kidogo! Alimtaja Kokubanza: mjane aliyelima migomba peke yake miaka tisa, asiombe hata jembe, akamlea binti huyu mnayemwona. Akatua.

Mungu wangu. Ua mzima uliitika, heko! Wakwe, wapishi, wazee waliokwisha lewa rubisi. Ilivuma kama mvua ishukayo mlimani. Kokubanza akalia. Nywele zilinisimama.

Jumapili, 11 Julai
Nimewaza ibada nzima. Kosa nimeliona: nilijipa heko mojamoja. Zilitakiwa mbilimbili! Harusi ya Eustadia, mdogo wake Felicitas, nitarekebisha. Dada atasahau. Rwegasira kabahatika tu, hana lolote.

Ila humu siandiki uongo. Jana, Rwegasira alipotua, sauti ya kwanza kabisa kuitikia heko ilikuwa yangu.