Hatua Tatu Kutoka Mlango wa Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Septemba 2025. Kharumwa.

Habari kutoka Samuye. Mama mkwe wangu hawezi tena kwenda lamboni kuchota maji. Miguu imevimba. Watoto wake wa kiume wako machimboni huko Geita, wanahama duara hadi duara, shimo hadi shimo, hawana hata mlango wa kufunga. Kwa hiyo atakuja kuishi kwa mmoja wa wakwe zake hapa Kharumwa. Wakwe ni wawili tu: mimi, niliyemuoa Dorah, na George, aliyemuoa Rebeka, dada yake Dorah. George ni mwanyumba wangu. Pia ni jirani yangu. Pia ni adui yangu, ila hilo hajaambiwa.

Sharti la Mama ni moja. Amechoka kuomba maji. Amechoka kuchotewa. Atakaa kwenye nyumba ambayo atachota mwenyewe.

George ana bomba mbele ya nyumba, kando ya barabara. Wapita njia wakija na madumu huwafungulia na kucheka kwa sauti ili mtaa usikie. Mimi pia nina bomba mbele, karibu na geti, lakini koki nimeifunga kufuli. Sababu: utaratibu.

Sababu za kumtaka Mama: (a) huruma, (b) ng'ombe wake kumi na mmoja, ambao hawawezi kubaki Samuye peke yao. Nimeandika huruma kwanza. Izingatiwe.

Uamuzi: bomba la uani, karibu na Mama kuliko la George. Mimi Makoye, kidato cha nne mwaka 1994, nitalichora mwenyewe.

Jumanne, 2 Septemba

Nimepima ua wote kwa futi. Michoro minne. Wa nne ndio bora.

Chumba cha nyuma tulichokuwa tunawekea mahindi kitakuwa cha Mama. Kutoka mlango wake hadi bombani: hatua tatu. Kutoka bombani hadi bafuni na chooni: hatua nane. Kila kitu mahali pamoja. George hana akili ya kupanga hivi.

Dorah kauangalia mchoro kwa muda mrefu. Kauliza: Baba Sikujua, wewe utakuwa unapita wapi? Nimemjibu nitapita kwa miguu. Akaanza kueleza jambo. Nikamuuliza, kati yetu nani alifika kidato cha nne? Akaenda kupepeta mchele.

(Sikujua ni binti yetu, ameolewa Nkome. Jina alimpa marehemu mama yangu, nami sikuulizwa. George akiniona lazima aseme: Baba Sikujua, leo umejua? Miaka ishirini na mbili, kichekesho kile kile.)

Jumatano, 3 Septemba

Fundi Ngassa kaja na sururu, chepe na maneno. Kabla ya mabomba alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Nilipaswa kulichukulia hilo kama onyo.

Ameomba spana malaya. Nimemwambia hapa anakuja mama mkwe, atafute jina lingine. Akasema hiyo haina jina lingine, maana inakubali nati ya kila saizi. Tukakubaliana aiite "ile ya kurekebisha". Saa nne akapaza sauti: "Mzee Makoye, ile malaya umeiweka wapi?" Rebeka alikuwa anaanika nguo ng'ambo ya uzio. Kaganda na shuka mkononi.

Saa sita nimekuta mtaro umekata kona. Mchoro wangu hauna kona! Ngassa kanieleza, kwa sauti ya chini, kwamba amekutana na jiwe jeupe lenye mistari ya kutu, na mistari hiyo mtu hairuki hivi hivi. Alikuwa ameshaliponda kwenye kinu cha Dorah cha kutwangia kisamvu na anaosha unga wake kwenye karai.

Saa nane uani kuna watu kumi na nne. Sijui nani aliwaambia. George kaja na karai lake mwenyewe. Kauliza kama naanza kutoa leseni.

Saa kumi: hakuna kitu. Kutu tu. Watu wameondoka wakinilaumu mimi. Mtaro una umbo la nyoka aliyekanyagwa, na paipu haifiki tena pa kusimamisha nguzo ya koki. Imepungua mita mbili, zote zimeliwa na kona.

Nimepata ufumbuzi papo hapo. Tung'oe bomba la mbele, paipu yake na koki yake, tuvitumie huku. Ngassa kauliza kama nina hakika. Kauliza tena. Nimemwambia ni bora zaidi: nguvu ya maji haitagawanyika, na wapita njia hawatakuwa na cha kuomba.

Alhamisi, 4 Septemba

Zege limemwagwa. Nguzo inakauka. Nimetumia nafasi hiyo kumshughulikia George.

Nimemwamkia shemeji Rebeka kwenye uzio na kumwambia, kwa masikitiko, kwamba maji ya bomba lao yana chumvi inayovimbisha miguu ya wazee. Kasema maji yao na yangu yanatoka kwenye bomba moja kubwa la barabarani. Nimesema chumvi huwa inakaa upande mmoja. Kaniuliza hilo nalo nilifundishwa kidato cha nne.

Dorah lazima ndiye aliyempelekea maneno. Dada wawili ni simu ya bure.

Ijumaa, 5 Septemba

Maji yamefunguliwa saa tatu. Kwanza upepo. Halafu tope. Halafu chura, mzima, ambaye amekaa kwenye zege akanitazama. Halafu maji safi. Nilitaka kulia.

Dorah kaleta ndoo. Ndoo haiingii.

Koki iko chini mno. Ngassa anasema nilimwandikia sentimita sitini. Ni kweli niliandika sitini. Kazipima kuanzia chini ya mtaro! Nimemuuliza kwa nini. Kasema mchoro haukusema pa kuanzia, na machimboni kila kitu hupimwa kutoka chini. Nimeangalia mchoro. Haukusema.

Kubomoa zege haiwezekani, Mama anafika keshokutwa. Ngassa kachimba shimo la kuwekea ndoo. Ndani ya nusu saa shimo limekuwa dimbwi, na kuku mmoja ametumbukia. Dorah kalifukia bila kuniuliza.

Ufumbuzi wangu: kopo. Mtu anaketi kwenye kigoda, anakinga kopo, anamimina kwenye ndoo. Kopo kumi na sita, ndoo imejaa. Hata ni vizuri kwa mtu mwenye miguu mibovu. Kazi ya kukaa. Nimemchongea kigoda mwenyewe.

Jumapili, 7 Septemba

Mama amefika. Amechagua kwetu! Naandika tena: kwetu.

Mambo yamekwenda kwa heshima zote. Nimemwamkia kutoka mbali, nimeinama, macho chini. Yeye kageukia ukuta na kujifunika khanga, akaitikia marahaba. Kila Msukuma anajua mkwe hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake. Hapiti karibu yake. Hata jina lake halitaji, ndiyo maana humu silitaji. Nami katika heshima sijawahi kukosea.

Kisha Dorah akampeleka uani. Nilikuwa sebuleni, nimesikia koki ikifunguliwa. Halafu Mama kacheka, kicheko cha msichana. Kasema "wabeja", asante, nadhani alikuwa anaiambia koki. Dorah kasema Mama alinyoosha miguu yote miwili chini ya maji akaiacha hapo. Miaka sabini na moja, hajawahi kuwa na maji yasiyo na safari.

Nimejisikia vibaya kidogo kuhusu (b). Ikapita.

George kaja kunipongeza. Kanishika mikono, yote miwili. Katabasamu muda mrefu kupita kiasi kwa mtu aliyeshindwa.

Jumatatu, 8 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi nimechukua taulo na mswaki, nikafungua mlango wa nyuma.

Mama yuko bombani. Juu ya kigoda. Kopo mkononi.

Kapiga yowe dogo, kajifunika. Mimi nimeruka nyuma nikajigonga kwenye fremu ya mlango. Nimesubiri. Saa moja: yupo, anaosha sufuria. Saa mbili: yupo, anaosha sufuria zile zile. Saa tatu: anaongea na kuku. Ndoo moja, kopo kumi na sita. Na akimaliza ya kwanza anaanza ya pili kwa sababu tu anaweza.

Bafu liko nyuma yake. Choo kiko nyuma yake. Bomba la mbele liko wapi? Ni hilo hilo analokalia.

Nilijua haya yote. Kila moja nilikuwa nalijua, hata nilipokuwa nachora. Ila sikuwa nimeyaweka kwenye mchoro mmoja.

Saa tatu na nusu nilikuwa sina hiari. Nimekwenda kuomba choo kwa George.

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya tatu ya kuzunguka barabarani na ndoo hadi kwa George.

Dorah ameniachia ndoo moja asubuhi kabla ya kwenda sokoni, lakini choo hakiwezi kuletwa sebuleni. Nimemwomba amwambie Mama awe anapumzika ndani kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja. Kasema hawezi kumwambia mama yake ainuke kwenye maji ili mkwe apite kwenda chooni. Maneno hayo hayatamkiki. Kisha kasema, polepole, huku akifunga kilemba: "Nilikuuliza utapita wapi."

Nimemwambia hakuuliza vizuri.

Kwa George nimepanga foleni nyuma ya wanawake watatu. Kaniita mbele, kwa sauti. Eti mpisheni mwanyumba wangu, huyu ana haraka, kwake kuna mkwe. Wote wamecheka. Kisha kanikalisha na kunieleza kwa utaratibu, kama mtu anavyomweleza mtoto. Eti yeye naye ni mkwe. Eti bomba lake aliliweka mbele makusudi, miaka miwili iliyopita, akijua siku moja Mama atakuja kutembea na ua utakuwa wake. Na Mama alipomtumia salamu kuuliza aende wapi, ni yeye George aliyemjibu aende kwa Makoye, maana Makoye amemchimbia maji kwa mikono yake.

"Baba Sikujua," kasema, "leo umejua?"

Nimebeba ndoo yangu. Imenimwagikia mguuni hadi nyumbani.

Jumamosi, 13 Septemba

Ng'ombe wamefika kutoka Samuye. Kumi na mmoja, wawili wana maziwa. Nilikuwa nimeshaandaa zizi. Nilikuwa nimeshachora.

Wamepita mbele ya geti langu. Wameingia kwa George.

Dorah kanieleza maneno ya Mama. Mama amesema wakwe zake ni wawili na hataki mmoja ajione amependelewa. Makoye amepewa heshima ya kumtunza yeye. Ni haki George naye apate kitu. Basi achukue ng'ombe.

Heshima! Heshima haikamuliwi!

Jioni nimeona kwa macho yangu kupitia tundu la dirisha. Mama anachota kwa kopo, anajaza ndoo, Rebeka anaipokea juu ya uzio na kuwanyweshea ng'ombe. Maji yangu. Koki yangu. Kopo kumi na sita kwa ndoo, ndoo kwa ndoo, na Mama anamtaja kila ng'ombe kwa jina lake. Muda huo huo mimi natakiwa nizunguke barabarani nikachote maji ya kunawa kwa mwenye ng'ombe.

Maziwa wametuletea. Kikombe kimoja. Dorah kampa mama yake.

Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimefikiri kwa utaratibu, na kosa nimelipata.

Kosa ni la Ngassa. Aliruhusu bomba la mbele ling'olewe.

Kwa hiyo: bomba jipya mbele ya nyumba, la kwangu peke yangu, na kibafu cha mabati kando yake. Michoro mitano safari hii. Vipimo vyote kutoka juu ya ardhi, nimepigia mstari mara mbili. Mahali nimepata pazuri: chini ya mti wa mkungu ulio pembeni ya geti, pana kivuli, upepo, na barabara inaonekana yote. Hata zizi la George linaonekana, ili nimchunguze.

Dorah kauangalia mchoro. Kafungua mdomo. Nimemuuliza nani kati yetu alifika kidato cha nne. Kaufunga.

Jioni kaleta salamu kutoka uani. Mama amesikia habari za bomba jipya na amefurahi mno. Anasema hajawahi kuona mkwe mwenye moyo kama wangu. Huku nyuma jua linamchoma mchana kutwa, na yeye hawaoni ng'ombe wake vizuri kwa sababu ya uzio. Akihamishia kigoda chini ya mkungu atawaona wote kumi na mmoja. Anauliza bomba litakuwa tayari lini.

Anaomba jambo moja tu: lisiwe mbali na kigoda.

Nimerekebisha mchoro. Nimempimia hatua tatu kutoka kigoda chake.