Kiti cha Mkurugenzi

Jumatatu, tarehe 4

Leo nimekuwa Mkurugenzi. Kampuni inaitwa Samani Imara na Wenzake. Wenzake ni wawili. Kuna Kimya, seremala, niliyesoma naye mpaka kidato cha pili, nilipoiacha shule kabla haijaniacha. Na kuna Binamu, mtoto wa shangazi, ambaye ana kalamu.

Mjomba katupa chumba cha uani kilichokuwa cha kuku wake. Sharti: tubadilishe mbao za juu za madawati kumi na mawili ya shule ya jirani, tuyakabidhi Ijumaa. Mwalimu Mkuu akiyakubali, chumba chetu. Akiyakataa, kuku wanarudi. Nikamwambia Mjomba awatafutie kuku makao mengine kabisa. Akasema kuku wake hawajawahi kumdanganya. Mzee ana mdomo!

Misumari ilikuja imefungwa kwa ukurasa wa kitabu. Nikausoma. Mambo matatu anayohitaji kiongozi anayeanzisha shirika. Kwanza, dira. Pili, watu wanaofaa. Tatu... umechanika! Lakini mimi si wa kushindwa na karatasi. La tatu nimelijaza mwenyewe: kiti.

Jumanne, tarehe 5

Mkutano wa kwanza. Dira: kuwa wakubwa. Imepita bila kupingwa.

Vyeo. Kimya, Naibu Mkurugenzi wa Misumari. Binamu, Naibu Mkurugenzi wa Mengineyo. Kimya akauliza nani atapiga randa. Nikamjibu hilo ni swali la mfanyakazi, na hapa hakuna mfanyakazi, sote ni viongozi. Akaitazama randa. Nadhani na randa ilimtazama.

Mbao tunazo za aina mbili. Kavu, rundo dogo, Kimya kazikausha chini ya kitanda cha mama yake miezi minane. Mbichi, rundo kubwa, nilizichagua mimi, maana zinanukia vizuri. Kimya akasema zile kavu ni za madawati. Baadaye akasema tena. Kwa Kimya, hiyo ni hotuba.

Jumatano, tarehe 6

Kimya kampeleka mama yake kliniki. Nafasi hiyo! Nikashika msumeno mwenyewe, Binamu akashika zile mbao kavu. Kufika adhuhuri, kiti. Mgongo unapita masikio. Mikono miwili. Mguu mmoja mfupi, nimeuwekea tofali.

Kimya akarudi. Hakupiga kelele. Akaokota vumbi la mbao, akalisugua kiganjani, akauliza, zote? Nikamwambia hapana, kimebaki kipande. Nikamwonyesha. Kilikuwa kibao changu cha jina.

Nikamtuliza, hizo mbichi zitakauka njiani. Akasema, “Kaka, mbao hazina haraka kama wewe.” Kisha akapiga randa mpaka jua likachwa. Mimi nilisimamia. Nimekaa, lakini nilisimamia.

Alhamisi, tarehe 7

Dharau! Mjomba kaingia, kaenda moja kwa moja kwa Kimya, kamwita fundi, kamuuliza habari za kazi na za mama. Mimi niko kitini! Mwisho akanigeukia, akauliza kama naumwa mgongo.

Nimemwandikia Kimya barua ya onyo kwa kosa la kusalimiwa kabla ya Mkurugenzi. Kaisoma yote. Kaifutia gundi.

Kimya anataka tumwendee Mwalimu Mkuu tumwombe muda. Mbao, anasema, zitapinda. Nimekataa. Kiongozi haombi. Kapigilia misumari bila neno. Sipendi anavyonyamaza. Tangu shule, akinyamaza namna hiyo, ujue mwenye makosa ni mimi.

Ijumaa, tarehe 8

Tuliyapanga madawati juani yang'ae. Yakang'aa, yakajikunja. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mwembamba wa miwani, akaweka penseli juu ya la kwanza. Ikabingirika mpaka mguuni pangu. La pili, hivyo hivyo. Kwenye la nne akaniachia penseli, akasema niitunze, nitaihitaji nikirudi shule.

Akauliza kiongozi ni nani.

Hapo unyenyekevu ukanijia. Nikamwonyesha Kimya.

Kimya akanitazama. Kisha akasema, ni mimi, mama. Mbao ni mbichi, nilijua, na nimezipigilia. Akaomba wiki tatu. Akapewa. Yeye, si kampuni!

Mjomba akafungua mlango wa banda, tutoke. Kimya akaniomba kitu kimoja tu: kiti, akifumue, arudishe mbao zake. Nikamweleza kwamba kiti ni mali ya kampuni. Akasema, “Basi, kaa nacho.” Akachukua randa. Binamu akabeba msumeno wa Kimya. Na kalamu akaenda nayo, msaliti! Haya nayaandika kwa penseli ya Mwalimu Mkuu.

Jumapili, tarehe 10

Kuku wamerudi, tisa. Jogoo kakalia kiti changu. Mimi niko kwenye ndoo.

Chini ya kopo la misumari nimekuta nusu ya ule ukurasa. La tatu si kiti. Eti ni kuwasikiliza wanaoijua kazi. Nimesoma mara mbili. Ni wazi mwandishi huyo hajawahi kumiliki kiti.

Toka barazani kwa mama yake Kimya nasikia randa. Nasikia na Binamu anacheka. Hivi wanacheka nini watu wasio na Mkurugenzi? Dada yangu kaleta ujumbe wao: nafasi ya kupiga msasa ipo, niende na kiti. Kaongeza lake, kwamba Kimya ndiye rafiki pekee niliyebaki naye, na nisijifanye sijui. Nimejibu kwa maandishi. Nitakuja, mradi cheo changu kibaki.

Jibu halijarudi.

Nimeitisha mkutano. Waliohudhuria: mimi na kuku tisa. Uchunguzi umeonyesha chanzo cha kuanguka kwa kampuni: kiti kilikuwa kifupi. Azimio: kiongezwe urefu. Limepita bila kupingwa. Jogoo alitaka kusema jambo, nikamwambia asubiri mpaka Mkurugenzi amalize.